Kiinimacho Kilicholala

Marehemu hasemwi vibaya. Nilifundishwa hivyo na wanangu nimewafundisha hivyo, kwa hiyo kuhusu Mwalimu Rajabu, ambaye kisomo cha arobaini yake kilifanyika Katesh mwezi uliopita, nitasema jambo moja tu: alikuwa na maneno mengi. Alikuwa nayo akiwa mwalimu mkuu kijana kule Mbulu, alikuwa nayo alipostaafu na kuhamia Katesh, na binti yake ameniambia kwamba hata siku za mwisho, daktari alipomuuliza anaumwa wapi, alianza kwa kumshukuru daktari kwa nafasi aliyopewa. Nilikuwa nimekaa na akina mama kwenye mkeka, sahani ya pilau mapajani, upepo wa mlimani ukitumwagia vumbi kwenye kachumbari, Emanuel Lohay aliponikuta. Sikumtambua mara moja, maana meno ya mbele hayapo tena na kofia ni ya mjukuu. Yeye alinitambua. "Nesi," akasema, kama vile tuliachana jana, "Chama kinatakiwa kitoe neno." Nikamuuliza chama gani. "Chama chetu cha mazingaombwe. Si tumebaki wawili? Akidi imetimia." Kabla sijamjibu alishapewa kipaza sauti na kuambiwa dakika mbili. Akaanza kwa kusema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya, mtu mmoja mmoja, kuanzia shehe mpaka wapishi. Hiyo ndiyo shule aliyoipata kwa Mwalimu Rajabu. Nikaweka sahani chini, na mwaka ule wote ukanirudia pamoja na hasira zake.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Nilipelekwa kwenye zahanati ya kijiji kimoja kati ya Maretadu na Tumati, hukohuko Mbulu, na jina la kijiji silitaji kwa sababu baadhi ya wahusika bado wako hai na wanajua kusoma. Kulikuwa na baridi ambayo hakuna aliyenionya. Nilikuwa nesi peke yangu, na siku za chanjo nilikuwa na ujanja mmoja mdogo: nilichukua kifuniko cha soda, nikakifumbata, nikafungua mkono hakipo, na mtoto alipokuwa bado anakitafuta kwa macho sindano ilishaingia na kutoka. Mwalimu Rajabu aliniona nikifanya hivyo siku alipowaleta wanafunzi wake. Jioni yake alikuja kunipa hongera, akazungumza mpaka chai yangu ikapoa, na alipoondoka nilikuwa mwanachama. Mpaka leo sijui nilikubali saa ngapi. Huyo mtu alikuwa anakuchosha mpaka unakubali, halafu anakushukuru kwa moyo wako wa kujitolea.

Tulikutana sebuleni kwake, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nakikumbuka kile chumba kuliko vyumba vingi nilivyoishi. Makochi yalikuwa na vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo vilikuandama mgongoni ukisimama, redio ilikuwa imefunikwa kitambaa cha aina hiyohiyo, na mkewe alituletea chai ya maziwa na viazi vitamu kisha akakimbilia jikoni asije akaombwa atoe maoni. Wanachama tuliohudhuria kweli tulikuwa watatu: yeye mwenyekiti, Emanuel katibu, na mimi ambaye nilipewa cheo cha mjumbe. Emanuel alikuwa mkulima wa mahindi na maharage, kijana mpole mwenye vidole vinene, na alikuwa na mchezo mmoja wa kukata kamba na kuiunga ambao mara nyingi uliishia kwenye kukata. Yaani saa nzima tulijadili yatokanayo na kikao kilichopita, saa nyingine tulijadili rasimu ya katiba, na mchezo wenyewe tuliufanya tukiwa tumesimama mlangoni, viatu mguuni. Nilipolalamika, mwenyekiti alisema haraka haraka haina baraka. Nilimwambia hata polepole yake sijaiona baraka. Akamwomba katibu aandike kwamba mjumbe ametoa changamoto.

Baada ya vikao hivyo kulikuwa na mkutano wa hadhara, mchana, kwenye darasa la nne, ambako kijiji kizima kiliruhusiwa kuja. Na hapa ndipo ilipokuwa ile sheria. Kabla sijafika, wazee wa kijiji pamoja na katekista walikaa wakajadili kama mambo haya ni mchezo au ni uchawi, na kwa kuwa Mwalimu alikuwa mtu wa heshima wakaamua ni mchezo, ila kwa sharti moja: kiinimacho kisilale. Chochote tutakachowafanyia watu, lazima tukifumbue mbele yao hao hao kabla hawajarudi majumbani. Kikilala bila kufumbuliwa, basi si mchezo tena, na lolote baya litakalotokea mpaka mkutano unaofuata ni la aliyekifanya. Jamani, hebu fikiria. Unafanya mazoezi wiki tatu mbele ya kioo. Unafanya mchezo wako, watu wanashangaa kwa muda wa kumeza mate, halafu unageuza mkono unawaonyesha uzi, na mama mmoja nyuma anasema, "Kumbe ni uzi tu." Sidhani kama kuna wanamazingaombwe wengine duniani waliowekewa sharti la kujiumbua kila mwezi. Lakini lilikuwa sharti la busara, na lingefanya kazi vizuri sana kama Mwalimu Rajabu asingeliwekea ratiba. Kwenye ratiba yake michezo ilikuja mwanzoni, kisha hotuba ya mwenyekiti, kisha mengineyo, na mwisho kabisa ufumbuzi. Nilimwomba mara nyingi tufumbue palepale baada ya kila mchezo. Alikataa, na sababu yake niliielewa vizuri: tukishafumbua, watu wanaondoka, na yeye bado ana mengineyo.

Sasa niseme habari za Anjelina, maana bila yeye haya yote yangebaki kuwa kichekesho. Anjelina alikuwa mke wa kijana mmoja aliyekuwa akikaa miezi mingi na ng'ombe kule Yaeda Chini, na yeye aliishi na mama mkwe wake, Bibi Theresia, mlimani upande wa Tumati. Mimba yake ya kwanza aliileta palepale zahanati, kabla yangu, ikaishia kwa mtoto mfu baada ya uchungu wa muda mrefu. Mimba hii ya pili nilipoipima niliingiwa na hofu. Mtoto alikuwa mkubwa na Anjelina mwenyewe ni mfupi, na kama angejifungulia nyumbani kule juu, njia ile ikinyesha hata punda anafikiria, nilijua ningempoteza yeye, au mtoto, au wote wawili. Zahanati nilikuwa na dawa ya kuzuia damu, na gari la misheni lilipita barabarani chini. Kwa hiyo nilipanda ule mlima. Nilipanda, nikala makande ya Bibi Theresia, nikashuka bila jibu, nikapanda tena. Mara ya mwisho bibi aliniangalia nikihema, akasema, "Haya, nesi. Atakuja kwako." Nilishuka nikiimba.

Halafu ukaja mkutano wa mwezi wa mavuno ya maharage. Darasa lilijaa, akina mama mbele na watoto wao, na Anjelina katikati yao, tumbo limeshuka, akicheka kuliko wote kwa sababu kamba ya Emanuel ilikuwa imekatwa vipande vitatu na kugoma kuungana. Mimi nilikuwa na mchezo mpya wa leso na yai. Unasukumiza leso kwenye ngumi, unapuliza, leso inapotea, kisha unatoa yai mahali ambapo hakuna aliyelitegemea. Yai ni ganda tupu lenye tundu upande wa nyuma, na leso imo humo ndani. Nilipanga kulitoa nyuma ya sikio la mwenyekiti, lakini mwenyekiti alikuwa amesimama dirishani anapitia hotuba yake, na Anjelina alikuwa pale mbele anacheka. Nikalitoa begani kwake, kwenye mkunjo wa kitenge. Begani, nasema. Watu walipiga kelele mpaka mbwa wakabweka nje. Nikasogea kugeuza yai niwaonyeshe tundu, Mwalimu Rajabu akainua mkono: "Asante nesi, ufumbuzi uko mwishoni. Tufuate ratiba."

Alihutubia. Alizungumzia choo cha shule, uzio wa shule, umuhimu wa mbwa kufungwa, na historia ya mazingaombwe tangu zamani za kale. Alipofika kwenye mengineyo kuliingia giza dirishani na radi ikanguruma upande wa Maretadu. Maharage ya kijiji kizima yalikuwa yameanikwa nje. Sikuwahi kuona darasa likitoka hivyo. Akina mama walinyakua watoto wakapita mlangoni kwa pamoja, na Anjelina akashikwa mkono na jirani zake wakaenda naye. "Mwalimu, ufumbuzi!" nilipiga kelele, yai mkononi. Akanijibu kwa upole wake ule ule, "Bado tuko kwenye mengineyo, nesi." Tulibaki darasani watatu, mvua ikipiga bati, na Emanuel akauliza kama mkutano ufungwe rasmi.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Yai nililolitoa begani lilipofika chini kwenye kisima lilikuwa limetoka kifuani. Kwenye mnada lilitoka tumboni. Mjamzito na yai huko havikai pamoja hata mezani, ni mwiko, sasa fikiria nesi anayelitoa kwa mkono mbele ya watu, kisha haelezi. Siku ya kliniki iliyofuata nilipanga kadi zangu, nikachemsha sindano, nikakaa. Benchi lilikuwa tupu. Alikuja mzee mmoja anayeumwa jino, na hata yeye alitaka nimpe dawa kupitia dirishani. Mama mmoja niliyekuwa nimemzalisha alinisalimia kutoka upande wa pili wa barabara, amemgeuza mtoto mgongoni asinione. Mchana ndugu wa Anjelina akaleta salamu fupi kutoka mlimani: bibi anasema msijisumbue, atajifungulia nyumbani.

Nilikwenda shuleni nikiwa nimevaa hivyohivyo gauni la kazi. Mwalimu alikuwa ofisini anasahihisha madaftari. Nilimwambia yote, na nilipomaliza alivua miwani, akasema hali hii inahitaji kikao cha dharura. Nadhani nilipiga kelele. Nilimwambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na kwamba safari hii huyo mwana ni mwana kweli, ana mama yake, na wote wawili wanaweza kuzikwa wakati sisi tunatafuta akidi. Alivaa miwani yake tena. Kisha akasema, "Basi twende," na kabla sijafurahi akaongeza, "lakini tumpitie katibu."

Tukapanda watatu. Bibi Theresia alipokea shikamoo zetu, akatupa vigoda na maziwa mgando kwenye vibuyu, akakaa. Anjelina alikuwa mlangoni anachambua maharage, hakuinua uso. Mwalimu akasimama, akakohoa, akaanza, "Bibi yetu mpendwa, awali ya yote," nami nikamvuta koti akakaa. Nikatoa yai. Nikamwonyesha bibi ganda, tundu, leso. Nikafanya mchezo wote tena taratibu, nikitaja kila kitu. Aliangalia mpaka mwisho.

"Nimeona," akasema.

"Kwa hiyo bibi, unaona ni mchezo tu."

"Naona yai lenye tundu. Siku ile lilikuwa nalo? Mimi sijui. Kimelala, nesi. Kikishalala kinabadilika."

Emanuel alitingisha kichwa kukubali, na nilitamani kumpiga kigoda. Nilimwuliza bibi nifanye nini basi, niapie nini. Alikunywa maziwa yake. Mwishowe akasema, "Nitakuja mimi kwako. Utanifumbulia huko. Yote."

Alikuja asubuhi ya siku ya pili, Anjelina nyuma yake, na nyuma ya Anjelina akina mama wa mlimani waliokuja kuona kitakachotokea. Wanawake wakabaki nje na Mwalimu na Emanuel. Bibi Theresia akaingia, akavua kandambili mlangoni, akaanza na kabati. Hiki nini? Hiki cha nini? Kwa nini kimefungwa? Nilifungua kila droo. Nilimweleza mkasi, koleo, pamba, jiko la mafuta ya taa na sufuria ya kuchemshia vifaa. Alinusa dawa ya kuoshea vidonda. Aliuliza maji ya kwenye chupa ndogo ni ya kisima gani. Nilimpa kile kifaa cha mbao cha kusikilizia mtoto tumboni, akaweka sikio, akasikia moyo wa mjukuu wake, na hata hapo aliweka tu kifaa mezani akaendelea na droo. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na ninajiambia moyoni kwamba nimesoma miaka yote ile nije nikaguliwe kama duka. Tukafika chumba cha kuzalia. Hakikuwa na kitu ila kitanda, ndoo na pazia la kijani. Nikasema, "Ndiyo hayo bibi, hakuna kingine."

Akashika pazia. "Hili?"

"Hilo ni pazia tu."

"Mwaka juzi tulimleta huyu hapa," akasema. "Akapitishwa nyuma ya hili. Mimi nilikaa kwenye benchi pale nje. Akalia, akanyamaza. Akatoka mtu, akasema mtoto amekufa, mwende nyumbani. Kitu kilikuwa kimefungwa kwenye shuka, wakatukabidhi, tukazika. Nesi, ya kwako ni yai, na umepanda mlima wangu na mwenyekiti na katibu kunifumbulia yai. Hili nani alitufumbulia?"

Hasira yangu yote ilinitoka, sikujua imekwenda wapi. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilimwambia sikuwepo na siwezi kusema kilichotokea siku ile, lakini naweza kumweleza kinachotokea mtoto mkubwa anapokwama, jinsi anavyokosa hewa, na kwamba si kosa la mama wala la mkwe wala la mtu aliyepita njiani. Alisikiliza amesimama. Aliuliza kama mtoto huumia. Nikajibu ninavyojua. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Kabla sijafungua mdomo, Anjelina akajibu kutoka mlangoni. Alikuwa hajasema neno tangu tulipopanda mlimani kwao.

"Wa kike, mama. Nilimwona."

Bibi Theresia alimgeukia. "Hukusema."

"Hamkuniuliza."

Uchungu ulimshika wiki iliyofuata, alfajiri, na wakamshusha kwa machela kukiwa kumekauka. Niliwaambia wanawake bibi ataingia nami, na pazia nililivuta pembeni. Tangu mwanzo nilisema kwa sauti kila nilichokuwa nakifanya: sasa napima njia, sasa nasikiliza mtoto, sasa mtoto amechoka kidogo, tunamgeuza mama alalie ubavu. Nimeendelea na tabia hiyo mpaka nilipostaafu, na nimewachosha wazazi wengi kwa maneno. Wengine waliniambia ninyamaze wazae. Siku ile kulikuwa na wakati nilisema, "Sasa naogopa," kwa sababu nilikuwa nimezoea kusema yote, na bibi akanijibu, "Hata mimi. Endelea." Jua lilipofika juu mtoto alitoka, akakaa kimya kwa muda ambao sitaki kuukumbuka, kisha akalia. Damu ikaja nyingi. Nikachoma dawa, nikakandamiza tumbo, nikasema ninachokandamiza na kwa nini, mpaka ikapungua, ikakoma.

Nje walikuwa wamejaa, waliokuja kusali na waliokuja kuhakikisha. Mwalimu Rajabu alikuwa amekaa kwenye benchi lile tangu asubuhi, na nilipotoka na Bibi Theresia, mtoto mikononi mwake, aliinuka, akavuta koti, akasema, "Ndugu zangu, kabla ya yote."

"Kaa, Mwalimu," bibi akamwambia.

Akakaa. Bibi akawaangalia wale wanawake mmoja mmoja, wote waliokuwa wamemzikia mjukuu wa kwanza bila kuuliza.

"Huyu ni wa kiume," akasema. "Yule wa kwanza alikuwa wa kike."